Tupime Tope na Chaza, Si Maji Peke Yake

(Maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma katika semina ya elimu ya mazingira, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya uchafuzi wa bahari na namna ya kuupima. Mimi si mwanasayansi. Ni mwandishi wa gazeti, na kazi yangu ni kuwauliza wanaojua, kisha kuwaeleza wale ambao hawakupata nafasi ya kuuliza. Nikiteleza katika jambo la kitaalamu, walimu wa sayansi waliomo humu wana ruhusa ya kunisahihisha papo hapo.

Nitaanza na kisa cha gilasi moja ya maji.

Mwezi Desemba 1959, katika mji mdogo wa Minamata, kusini mwa Japani, kampuni ya kemikali iitwayo Chisso ilizindua mtambo mpya wa kusafisha maji machafu ya kiwanda chake. Wakubwa wa mkoa walialikwa kuja kushuhudia. Mbele yao rais wa kampuni alinyanyua gilasi ya maji yaliyosemekana kuwa yametoka katika mtambo huo, akayanywa. Ushahidi gani tena ulikuwa unahitajika? Mkubwa mwenyewe amekunywa, na maji yalikuwa meupe. Baadaye sana ikabainika kwamba maji machafu ya sehemu ile ya kiwanda iliyokuwa ikitoa zebaki hayakuwa yakipitishwa katika mtambo huo wakati ule. Na hata kama yangepitishwa, gilasi ile isingeweza kumwambia mtu yeyote habari za tope lililokuwa chini ya ghuba, wala za samaki waliokuwa wakilila.

Ndugu zangu, kila mara ninaposikia ofisa akitangaza kwamba maji ya mahali fulani yamepimwa na kuonekana salama, hukumbuka gilasi ile. Sisemi kwamba ofisa huyo anadanganya. Ninasema kwamba maji ya bahari ni shahidi wa siku moja tu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukichota chupa yako maji yanapojaa, utaletewa habari za bahari kuu. Ukichota yanapokupwa, utaletewa habari za mto na mifereji. Kiwanda kinachofungua bomba usiku wa manane hakitaonekana katika chupa iliyochotwa saa nne asubuhi na mtumishi wa serikali aliyekuja na gari la ofisi. Tena sumu nyingi, hasa zile za jamii ya metali kama zebaki, risasi, kadimiamu na shaba, hazipendi kukaa majini. Hushikamana na chembe ndogo za udongo na za majani yaliyooza, zikazama nazo. Dawa za kuulia wadudu zenye asili ya mafuta hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mahali pa kuzitafuta ni chini, katika mashapo, yaani lile tope linalotulia sakafuni mwa bahari, na katika miili ya viumbe wanaoishi ndani yake au juu yake.

Mwaka mmoja nilipata bahati ya kufuatana na vijana watafiti waliokwenda kuchukua tope katika mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi, karibu na Daraja la Salenda. Mto huo wengi wenu mnaufahamu. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kila unapopita unakabidhiwa kitu: maji ya viwandani, ya machinjioni, ya gereji na ya vyoo. Maji yalikuwa yamekupwa. Mimi, nikitaka kuonyesha kwamba sikuja kutazama tu, nilitoa kisu changu ili nisaidie kuchota. Kijana mmoja aliniambia kwa adabu, “Kaka, hicho rudisha mfukoni.” Nilitahayari kidogo, lakini sababu yake ilikuwa nzuri. Kisu ni metali, na wao walikuwa wametoka kutafuta metali. Vijiko vyao vilikuwa vya plastiki, vimesuuzwa kwa asidi kabla ya safari. Walibeba pia mfuko mmoja mtupu, uliofunguliwa na kufungwa palepale pasipo kutiwa chochote, ili ukifika maabara uonyeshe kama uchafu wowote umeingia njiani. Nilijifunza siku hiyo kwamba nusu ya kazi ya kupima ni kuhakikisha hupimi uchafu wa mikono yako mwenyewe.

Kisha walichomeka bomba refu katika tope, wakalikandamiza, wakalichomoa likiwa limejaa, kama mtu achomoaye ubongo wa mfupa. Tope lililotoka lilikatwa vipande vya sentimita chache chache, na kila kipande kikatiwa mfuko wake na kuandikwa namba. Tope la juu ni la juzi. La chini yake ni la miaka iliyopita. La chini kabisa, ikiwa mahali penyewe hapajavurugwa, laweza kuwa la kabla ya viwanda. Wataalamu huweza kukadiria umri wa tabaka hizo kwa kupima aina ya risasi ya asili inayofifia kidogo kidogo, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 hivi. Na pia kwa kutafuta alama ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo majivu yake yalienea duniani kote na kufikia kilele mwaka 1963. Mahali penye tope tulivu unaweza hata kuona risasi ya petroli ikiongezeka pamoja na magari, kisha ikipungua baada ya petroli hiyo kuachwa, jambo ambalo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zililitekeleza hadi mwanzoni mwa 2006. Bila shaka walimu wa historia watakubaliana nami kwamba hiyo nayo ni kumbukumbu, tena ambayo haikuandikwa na mtu mwenye maslahi.

Wakati tukiendelea na kazi hiyo, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiokota tondo kwenye mizizi ya mikoko alitusogelea akatusalimu. Tukamwamkia.

“Mnatafuta nini, wanangu?”

“Tunachukua tope la kupima, mama,” kijana akajibu.

“Kupima nini?”

“Kuona kama lina sumu.”

Mama akatazama kikapu chake, kisha akatutazama sisi. “Haya. Mkishapima mtaniambia?”

Kijana alisema ndiyo. Miezi mingi baadaye mimi nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuuliza matokeo ya vipimo vya eneo hilo kwa ajili ya makala ya gazeti. Niliambiwa taarifa ipo, imeandikwa kwa Kiingereza, iko katika jalada, na kwamba ni ya matumizi ya ofisi. Nikauliza kama kuna mtu yeyote anayeokota tondo aliyewahi kuelezwa yaliyomo. Ofisa aliniangalia kama mtu aliyeuliza swali la kitoto.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niwarudishe Minamata, kwa sababu huko swali la mama yule liliulizwa na watu wengi, na jibu lilichelewa kwa miaka 12.

Kiwanda cha Chisso kilianza kutengeneza asetaldehidi mwaka 1932, kikitumia zebaki kama kichocheo. Mabaki yalimwagwa ghubani. Wavuvi walikuwa wamekwisha kulalamika hata kabla ya hapo; mwaka 1926, na tena mwaka 1943, chama chao kililipwa fidia na kampuni kwa ajili ya uharibifu wa uvuvi. Angalieni basi: wapimaji wa kwanza wa ghuba ile walikuwa wavuvi, na chombo chao cha kupimia kilikuwa nyavu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 samaki walionekana wakielea, ndege wakianguka, na paka wa vijijini wakitetemeka na kuruka ovyo hata watu wakasema wanacheza ngoma. Wote hao walikuwa wakila kutoka ghuba moja. Mwezi Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka 5 aliletwa katika hospitali ya kiwanda akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri. Tarehe 1 Mei mwaka huo hospitali iliarifu idara ya afya kwamba kumezuka ugonjwa usiojulikana wa mishipa ya fahamu.

Mwanzoni mwa 1957 mkuu wa kituo cha afya cha mji alifanya jambo rahisi sana. Alichukua paka wazima, akawalisha samaki wa ghuba. Paka wakaugua. Hakujua bado sumu ni ipi, lakini alijua imo katika samaki. Wakuu wa mkoa wakaiandikia wizara ya afya kuuliza kama sheria ya usafi wa chakula inaweza kutumika kuzuia uvuvi ghubani. Mwezi Septemba 1957 jibu likaja. Wizara ilisema kwamba kwa kuwa hakuna ushahidi ulio wazi kwamba samaki wote wa ghuba hiyo wana sumu, sheria haiwezi kutumika.

Naomba watumishi wa umma mlitafakari jibu hilo. Si jibu la mhalifu. Ni jibu la mtu makini aliyeketi mezani na kitabu cha sheria mbele yake, akaona neno “wote”, akaogopa kuvuka mpaka wake. Mimi na ninyi tumekwisha kuandika barua za namna hiyo. Lakini ni nani aliyewahi kula samaki wote wa ghuba? Mtu hula samaki aliyemo katika sahani yake. Barua ile ilisafiri kwa utaratibu wote wa kiofisi, ikapigwa mihuri, na watu wakaendelea kula.

Mwaka uliofuata, 1958, kampuni ilihamisha mdomo wa bomba lake kutoka ghubani na kuuelekeza kwenye mdomo wa mto. Matokeo yake ni kwamba ugonjwa ulihamia pwani nyingine za bahari ile, kwa watu ambao walikuwa hawajaguswa. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walielekeza kidole kwenye zebaki. Walipopima tope karibu na bomba la zamani walikuta sehemu 2,010 za zebaki katika kila sehemu milioni moja, yaani kilo mbili katika kila tani ya tope. Walipima pia nywele za watu. Kwa wakazi wa mbali na Minamata wastani ulikuwa sehemu 4 katika milioni. Kwa mgonjwa mmoja zilifika 705. Hapo mnyororo mzima ukaonekana: bomba, tope, samaki, binadamu. Vijidudu na kemikali za kiwandani huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo mwili huipokea upesi na kuitoa polepole, na kila mlaji katika mnyororo huongezewa mzigo wa wale aliowala. Binadamu yupo mwisho wa mnyororo. Na mtoto aliye tumboni mwa mama yupo mbele zaidi.

Katika hospitali ya kampuni yenyewe, Daktari Hajime Hosokawa naye alikuwa akifanya majaribio. Alichanganya mabaki ya sehemu ya asetaldehidi na chakula cha paka. Mwezi Oktoba 1959 paka aliyepewa namba 400 aliugua ugonjwa uleule. Jambo hilo halikutangazwa. Kampuni ilimzuia daktari asiendelee na majaribio hayo. Miezi miwili baadaye ndipo gilasi ya maji iliponywewa. Ukweli wa paka namba 400 ulisikika mahakamani mwaka 1970, daktari akitoa ushahidi wake akiwa mgonjwa kitandani, na mwaka huohuo akafariki. Kiwanda kiliacha kutengeneza asetaldehidi mwezi Mei 1968. Serikali ya Japani ilikiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi Septemba mwaka huo, baada ya bomba kunyamaza. Watu zaidi ya 2,200 walikuja kutambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, na wengi zaidi wameendelea kudai.

Na tope je? Tope lilibaki. Kati ya 1977 na 1990 tope lote lililokuwa na zebaki zaidi ya sehemu 25 katika milioni lilifyonzwa na kuzikwa nyuma ya ukuta, na juu yake ikapatikana ardhi mpya ya hekta 58. Wavu uliowekwa ghubani kuzuia samaki wasitoke uliondolewa mwaka 1997, baada ya samaki kupimwa kwa miaka mitatu mfululizo na kuonekana kuwa chini ya sehemu 0.4 katika milioni. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu yule mtoto wa miaka 5.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Japani, sisi hatuna kiwanda cha namna hiyo. Ni kweli, na sikuja hapa kuwaambia kwamba Dar es Salaam ni Minamata. Kusema hivyo bila vipimo kungekuwa ni uzembe uleule niliokuja kuulalamikia, ila kwa upande wa pili. Lakini si lazima sumu iwe nyingi, wala si lazima itoke kiwandani. Mfano mzuri ni ule wa rangi za meli. Tangu miaka ya 1960 meli na mashua nyingi zilipakwa rangi yenye kemikali ya bati, ijulikanayo kwa kifupi kama TBT, ili makombe na majani ya bahari yasiote ubavuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wafugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, waliona chaza wao wakiota magamba manene yasiyo na nyama, na makinda yakikosa kushika. Ufaransa ikazuia rangi hiyo kwa mashua ndogo mwaka 1982. Uingereza nayo, watafiti wa Plymouth walikuta konokono wa baharini wa kike wakiota viungo vya dume, wengine hata wasiweze kutaga. Kiasi cha sumu kilichotosha kuanzisha hali hiyo kilikuwa kama gramu moja katika lita bilioni moja za maji. Mashine chache sana za wakati ule ziliweza kukiona kiasi hicho. Konokono alikiona. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku rangi hizo ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Na hadi leo tope la bandari nyingi duniani bado lina akiba yake.

Hii ndiyo sababu wataalamu huwapima viumbe. Mwaka 1975 Mmarekani Edward Goldberg alipendekeza kwamba kome na chaza watumiwe kama walinzi wa pwani za dunia, na tangu 1986 nchi yake imekuwa na mpango wa kudumu wa kuwapima. Fikirini sifa za chaza. Hahami, ameshikamana na mwamba wake kama mwenye nyumba. Akitaka kula huchuja maji, lita moja na zaidi kwa saa, usiku na mchana, na vilivyomo katika maji hayo hubaki mwilini mwake kwa wingi kuliko vilivyo majini. Haumwi upesi, kwa hiyo anaweza kubeba sumu na bado akaishi kutoa habari. Tena huliwa. Chupa ya maji humwambia ofisa hali ya dakika moja; chaza humweleza hali ya miezi, na humweleza habari ya kitu ambacho mwananchi anakitia mdomoni. Akina mama wa Fumba, Unguja, wanaookota chaza maji yanapokupwa hawanywi maji ya bahari. Wanakula chaza.

Hapo pana mitego ambayo inafaa ninyi mnaosoma taarifa mwijue. Mtego wa kwanza ni mchanga. Metali hushikamana na chembe laini. Mchanga wa pwani iliyo wazi hauna kitu hata kama bomba liko karibu, na tope laini la mikoko litaonyesha kingi hata mahali palipo safi. Taarifa inayolinganisha mchanga wa Oysterbay na tope la Msimbazi, pasipo kuchuja chembe wala kulinganisha na madini ya kawaida ya udongo kama alumini, hailinganishi chochote. Vilevile udongo wenyewe una metali zake za asili. Mto Sabaki huko Kenya humwaga maji mekundu baharini karibu na Malindi; ni udongo uliomomonyoka bara, nao unaua matumbawe kwa namna yake, lakini wekundu huo si sumu ya kiwanda. Kwa hiyo lazima tuwe na kiwango chetu cha asili, kilichopimwa katika pwani yetu, badala ya kuazima namba za Ulaya na kuzibandika. Chaza nao ni hivyo hivyo: mkubwa hulinganishwa na mkubwa, msimu na msimu, jamii moja na jamii moja. Na anayepima mara moja hajapima. Namba ya mwaka mmoja ni picha. Ili ujue kama mtu ananenepa au anakonda unahitaji picha nyingi.

Na hapo ndipo penye udhaifu wetu. Watu tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Taasisi ya utafiti wa uvuvi iliundwa kwa sheria ya 1980, Baraza la Mazingira kwa sheria ya 1983, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004. Nchi za eneo letu zilitia saini Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari mwaka 1985, ukaanza kutumika 1996. Watafiti wetu wamepima tope la bandari ya Dar es Salaam na la Msimbazi mara nyingi tangu miaka ya 1980 na 1990, na wamekuta metali na dawa za wadudu. Lakini kazi nyingi za namna hii hufanywa kwa fedha za mradi au kwa ajili ya shahada. Mwanafunzi akishapata shahada yake, bomba linawekwa stoo. Anayekuja baada ya miaka mitano anachukua tope mahali pengine, kwa njia nyingine. Mwishowe tunazo picha za watu mbalimbali, na hatuwezi kusema nani kanenepa.

Jambo hili lina haraka yake sasa. Tangu 2017 bandari ya Dar es Salaam imeongezwa kina ili ipokee meli kubwa, na tangu 2022 kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ili mafuriko ya Jangwani yapungue. Ni kazi njema ambazo wananchi walizingoja kwa muda mrefu. Lakini kuchimbua tope la zamani ni kufungua jalada la zamani. Kilichokuwa kimelala tabaka la chini kinaamshwa, kinachanganyika na maji, kinahamia kwenye chaza wa mahali pengine, kama vile bomba la 1958 lilivyohamisha ugonjwa. Sharti tope lipimwe kabla halijaguswa, linapochimbuliwa, na baada ya hapo kwa miaka kadhaa. Na wahandisi wajue ni tabaka lipi linaweza kumwagwa wapi. Atakayesema kwamba kupima kunachelewesha ujenzi akumbushwe kwamba Wajapani walitumia miaka 14 kuliondoa tope ambalo kulizuia kungehitaji kufunga bomba.

Ndugu mmoja aliniambia, nilipokuwa nikiandaa maelezo haya, kwamba mambo ya vipimo yasitangazwe kwa sababu yatawaharibia wavuvi soko. Hoja hiyo nimeipima kwa uzito wake, maana mvuvi ni maskini na siku moja bila mauzo ni siku bila chakula. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa Minamata. Kukaa kimya hakukulinda soko. Uvumi ulienea, wanunuzi wakawakataa samaki wa wavuvi wote, wa ghuba na wa mbali, na wavuvi wakabaki kula wenyewe kile ambacho hawakuweza kukiuza. Uvumi hauchagui. Kipimo huchagua: husema ni chaza wa mahali hapa, si wa pale; ni samaki mkubwa mla samaki, si dagaa; ni watoto na wajawazito wapunguze, wengine waendelee. Mvuvi wa Kunduchi ana haki ya kutoadhibiwa kwa tope la Msimbazi.

Sheria yenyewe ya 2004 inatambua haki ya mwananchi kupata habari za mazingira, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaiongezea nguvu. Kwa hiyo ofisa anayetoa matokeo hafanyi hisani, na anayeyafungia kabatini asijifiche nyuma ya neno siri. Napendekeza jambo dogo. Kila taarifa ya vipimo vya pwani, pamoja na ile ndefu ya Kiingereza yenye majedwali, iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili: mahali palipopimwa kwa jina ambalo wenyeji wanalitumia, kiumbe aliyepimwa, kiasi kilichokutwa, kiasi kinachoruhusiwa katika chakula, na kama ni zaidi au ni pungufu kuliko mwaka uliopita. Ukurasa huo ubandikwe soko la samaki la Feri, Kunduchi, Mbweni, Malindi ya Unguja, na katika ofisi za mitaa ya pwani. Magazeti yataupiga chapa. Kwa upande wa gazeti letu naweza kuahidi.

Kwa walimu ninalo ombi tofauti. Wanafunzi wa pwani wanajua tondo, kome na chaza kuliko mtaala unavyowajua. Wapelekeni maji yanapokupwa, wahesabu wanachokiona mahali palepale, mwezi uleule, kila mwaka, na daftari libaki shuleni mwalimu anapohamishwa. Daftari hilo halitapima zebaki. Litaonyesha kwamba mahali palipokuwa na tondo mia sasa pana kumi, na litampa mtaalamu sababu ya kuja na bomba lake. Msiwaache watoto wachukue kitu chochote cha kula katika midomo ya mito ya mjini wakati wa zoezi hilo. Hilo ninalisema bila kungoja taarifa ya mtu yeyote.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa muda wangu umekwisha. Nadhani mwalimu aliye pale nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja mchanga wa Oysterbay. Naomba aanze yeye.